Nyota Tano za Kunda

Mtoto alikuwa analia na nyumba ilikuwa kimya.

Princesse alikuwa uani akisuuza nguo za Caleb, mlango uko wazi, mtoto yuko kwenye mkeka pale ndani, na hakusikia kitu. Ni moyo tu uliomsukuma achungulie. Akamkuta kakunja magoti, uso umeiva, machozi yanamwingia masikioni, kinywa kimepanuka mpaka koromeo linaonekana, na sauti hakuna. Hata ya paka. Kifua kinapanda, kinashuka, ulimi unatetemeka, kilio chote kipo isipokuwa kilio chenyewe.

Akambeba, akampiga mgongoni, akamwingiza kidole kutafuta kitu alichomeza. Hakuna. Caleb alikuwa wa miezi saba, mtoto wa kelele, hata majirani pale mtaa wa Kenya walimwita Redio. Princesse akakaribisha pua kwenye kinywa kile, ambacho asubuhi kilinukia maziwa, na sasa kilinuka chuma kilichoungua.

Harufu ile aliijua. Ilikuwa ya karakana ya kazini kwake.

"Hapana," akasema kwa sauti, kama vile kuna mtu aliyemshitaki. "Hapana, iko mafua tu."

Kwenye kituo cha afya muuguzi alimulika koo, akapapasa shingo, akasema mtoto mzima, ampe maji ya uvuguvugu. Mume wake dereva wa lori alikuwa safarini, simu yake haipatikani. Princesse akarudi nyumbani na mtoto mgongoni, na njia nzima alihisi kilio kile kinamgonga uti wa mgongo bila kutoka.

Alikuwa anafanya kazi kwenye shule moja ya ufundi kule Hewa Bora. Shule yake mwenyewe iliishia sekondari, lakini ile programu ya maoni ya wanafunzi aliijua kuliko wote, alijifunza kwa kubonyeza na kukosea. Kila kozi ikiisha, wanafunzi walijaza maoni yao kwa simu. Ni yeye aliyeongeza nyota za kumpimia mwalimu. Ni yeye aliyeongeza ukumbusho, ambao uliita mtu kwa jina lake kila siku mpaka ajibu. Na mkurugenzi, Papa Anaclet, alipotaka majibu yawe mengi ili wafadhili wafurahi, ni yeye aliyeweka kufuli: matokeo ya mtihani hayafunguki mpaka kozi nzima iwe imejibu.

"Weye iko na kichwa," Anaclet alimwambia siku ile, na Princesse alitembea na sifa hiyo kama amevaa kitenge kipya.

Kisha kozi ya kuchomelea vyuma ikaisha, wote wakajibu, akabaki mwanafunzi mmoja, Kunda. Na Kunda alikuwa amekufa. Mwalimu Léonard alimwingiza ndani ya tangi la chuma achomelee kwa ndani, bila kitu cha kufunika pua, Kunda akatoka anakohoa, akaenda kulala kwao, hakuamka tena. Shuleni ilisemwa malaria.

"Chef, nimutoshe tu ku liste?" Princesse aliuliza, kidole kwenye jina la Kunda, tayari kulifuta katika orodha.

"Ukimutosha, masini itakuuliza juu ya nini. Utaandika nini? Amekufa? Bafadhili basome?" Anaclet hata hakuinua macho. Nje ya mlango wanafunzi walikuwa wanapiga miluzi, wanataka matokeo yao. "Mujibie weye mwenyewe. Iko kintu kidogo."

Ili kiungo cha kujazia maoni kimfikie, aliweka namba ya simu yake mahali pa namba ya Kunda. Akafungua. Mwalimu Léonard: nyota tano. Je, mwalimu alichunga usalama wenu kazini? Ndiyo, sana. Palibaki lile sanduku la chini la maneno, ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameliacha bila lazima, mtu akitaka anaandika, asipotaka analiacha. Na yeye akaandika. Mwalimu alituchunga kama watoto wake.

Sentensi hiyo hakuna aliyemwagiza. Nyota aliagizwa, ndiyo, lakini sentensi aliitoa kichwani kwake, kwa sababu jibu bila maneno lingeonekana la uongo, na yeye alipenda kazi yake ionekane nzuri. Kufuli likafunguka, wanafunzi wakapiga kelele za furaha kwenye korido, na Princesse akacheka nao.

Sasa alikuwa amekaa kitandani na mtoto asiye na sauti, na simu ikatetemeka pajani.

"Kunda, bado tunangoja jibu lako."

Akasoma mara mbili. Maoni yalikuwa yamefungwa. Akaingia kwenye programu kwa simu hiyohiyo, akazima ukumbusho, akafuta namba yake, akahakikisha kitufe kimekuwa kijivu. Simu ikatetemeka tena mkononi, kitufe kiko kijivu mbele ya macho yake. "Kunda, bado tunangoja jibu lako." Na ndipo alipoanza kusikia ngo, ngo, mle uani mlimojaa jua la mchana, ngo, ngo, akidhani ni watoto wa jirani wanachezea bati, akatoka kuwafukuza na hakukuwa na mtoto yeyote, kuna pipa lake la maji tu, la chuma, limejaa, na mlio unatoka ndani yake, si juu wala pembeni bali ndani, kama mtu anayegonga kwa kiganja akitaka afunguliwe, na maji hayakuwa yanatikisika hata kidogo, yalikuwa yametulia kama kioo na ndani yake anajiona yeye na Caleb begani, Caleb kinywa wazi, na kila kinywa kile kilipopanuka kulia, pipa liligonga.

Alikimbia na miguu mitupu mpaka kwa Mama Musonda, mjane wa nyumba ya tatu, ambaye watu walimletea wagonjwa wa mapepo. Mama Musonda akampaka mtoto maji ya chumvi midomoni, akainama, akanusa, akarudi nyuma.

"Ulimunyang'anya nani kinywa?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mi? Mama, mi sikunyang'anya muntu..."

"Princesse. Usinidanganye mbele ya mutoto."

Akasema. Alisema yote kwa mkupuo mmoja, nyota, namba ya simu, sentensi, akasema mkurugenzi ndiye aliyeagiza, halafu akasema hapana, sentensi iko yangu, Mama, ile sentensi iko yangu.

"Mufukuze, Mama. Nakulomba. Mufukuze aende."

Mama Musonda akafunika chupa yake ya chumvi. "Mi nafukuzaka mwizi mu nyumba ya bantu. Huyu haiko mwizi. Mwizi iko weye." Kisha, akimwonea huruma kidogo: "Iko na mama?"

"Iko. Kule Kipushi."

"Basi unangoja nini?"

Hortense, mama yake Kunda, alikuwa anachekecha unga mlangoni. Alipoona mwanamke kijana mwenye mtoto hakusimama.

"Nani weye?"

"Niko wa ku shule, Maman. Ku Hewa Bora."

"Shule ilisha kuya. Ilileta sanduku na malaria. Leo inaleta nini?"

Princesse akapiga magoti vumbini, akaeleza. Hakutaja Anaclet. Alingoja kofi, akalitamani. Hortense akaweka chekecheo chini, akajifuta mikono polepole.

"Leta mutoto hapa. Na weye usome. Soma vile ulimusemea mwana wangu."

Princesse akampa Caleb, akasoma. Sauti ilimkatika kwenye neno watoto. Hortense akacheka, mara moja tu, kama mtu aliyechomwa na mwiba.

"Kunda hakusema ivi. Kunda alikuya na moto mu kifua, akalala pale, akaniambia: Mama, nilimugongea mwalimu mu tangi, nilimugongea, anasikia, anasema kwanza umalize. Andika ile."

Simu ilikuwa inamtetemekea Princesse vidoleni. Alijua akifungua jibu upya Anaclet ataona, wafadhili wataona, kesho hana kazi, na programu itaonyesha aliyefungua ni yeye, kwa jina lake. Akafungua. Akafuta nyota tano, akaacha moja kwa sababu programu haikukubali sifuri, na ni yeye mwenyewe ambaye hakuwa ameiweka. Akafuta sentensi yake. Akaandika ya Kunda, neno kwa neno, Hortense akisema na yeye akiandika, nilimugongea, anasikia, na moshi wa chuma ukajaa ua mzima mpaka wote wawili wakakohoa, na kitu kikawa kinagonga chini ya ardhi, chini kabisa ya magoti yake, haraka, haraka zaidi, akabonyeza tuma.

Kukawa kimya.

Kisha Caleb akalia. Kilio kikubwa, cha Redio mwenyewe, kilichofukuza kuku na kumtoa jirani nyumbani kwake. Princesse akalia naye, akanyoosha mikono. "Leta, Maman. Leta nimunyonyeshe."

Mtoto akamtazama. Akaacha kulia. Akageuza uso polepole, akashika kitenge cha Hortense kwa ngumi zote mbili, na kwa kinywa kile kisicho na jino hata moja, ambacho hakijawahi kutamka neno, akasema wazi, kwa sauti nzito kidogo, iliyokauka:

"Mama. Nilimaliza."

Hortense akafumba macho, akamkumbatia. "Ndiyo, mwana. Pumuzika sasa."

Princesse akabaki magotini, mikono imenyooshwa, maziwa yanamlowesha blauzi, na hakuthubutu kusema: huyu ni wangu.