Ratili Arobaini na Mbili

Jirani yetu Verlin Hoekstra, muuza matrekta, hakuinunua ile ndege kwa majivuno, ingawa mji wetu wote hapa Nebraska ulimsema weee mpaka ukachoka. Mkewe Marlys alikuwa na saratani. Kila baada ya wiki mbili alitakiwa hospitali kule Minnesota, saa saba za barabara, na kurudi alitapika njia nzima. Kwa jeti ndogo, hata ya mtumba, ni saa moja tu, na leseni ya urubani Verlin alikuwa nayo. Alitaka jambo moja: mkewe asiteseke njiani, na siku ikifika, asife peke yake.

Asubuhi ya ukaguzi, fundi Orrin aliipandisha ndege kwenye mizani, matangi makavu, makabati matupu. Akapima. Akapima tena. Mara ya tatu akavua kofia.

"Bosi, imezidi ratili arobaini na mbili kuliko zinavyosema karatasi zake."

"Mizani yako imezeeka, Orrin. Kama wewe."

Orrin hakucheka. Alisogea, akanong'ona, "Unajua binti wa Lavonne alifia humu? Akikimbizwa hospitali. Wa miaka sita tu, masikini, uzito wake ndio huo. Kiti kile cha nyuma."

Verlin alijua. Lavonne Teske, aliyemuuzia ndege, alimwambia mwenyewe kwenye simu, akilia.

"Andika huo uzito mpya," alisema. "Jumatatu tuna miadi."

Na Orrin, Mungu amsamehe, akaandika. Kwa watu wa ndege, uzito ukishaingia kwenye karatasi hauulizwi tena.

Safari ya kwanza, Marlys alikaa nyuma, Verlin akashika usukani. Angani akageuka mara moja. Mkewe alikuwa anacheka, amekielekea kiti cha pili. Kiti kitupu. Mkanda wake umefungwa.

"Unaongea na nani, mama?"

"Rusha ndege yako, mzee. Sisi hatuna shida."

Sisi! Nywele zikamsimama. Lakini siku hiyo Marlys hakutapika, na alikula biskuti mbili. Kwa ajili ya biskuti mbili, Verlin akafunga mdomo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Oktoba madaktari wakasema, mrudishe nyumbani. Ilikuwa mchana. Wakati wa kushuka, mawingu yakawameza, mikono ya Verlin yote miwili ikawa kazini.

"Verlin," Marlys aliita. "Njoo."

"Nakuja, mpenzi. Dakika kumi tu."

"Naogopa."

Hakuweza kugeuka. Machozi yalimtoka, macho kwenye vipimo vya ndege. Kisha akasikia sauti ndogo. Si ya mkewe.

"Nimemshika."

Halafu kimya.

Alipotua, alikimbilia nyuma, akapiga magoti. Marlys alikuwa ameshakata roho, ameegemea upande wa kile kiti, ngumi imefumbwa. Mkono bado una joto. Akamfumbua vidole polepole.

Ndani mlikuwa na jino la utotoni. Shina lake lina damu mbichi.

Jioni ile alimpigia Lavonne, akamweleza yote.

"Lilikuwa linacheza siku ile," alisema mama wa watu. "Alinikatalia kuling'oa." Akavuta pumzi. "Alipokuita, mkeo, ulikuwa wapi?"

"Mbele. Narusha."

"Na mimi," Lavonne alinong'ona. "Na mimi siku ile nilikuwa mbele, narusha."