Mkono Ambao Haukuinuka

"Uwiii! Kamouna! Mezuza iko wapi?"

Mama Ghzala alikuwa bado kizingitini, kikapu cha samaki mkononi. Kama kila Myahudi wa kisiwa cha Djerba, Tunisia, anapoingia ndani, aliinua mkono aguse kile kijaluba cha mwimo wa mlango chenye aya za Torati, kisha abusu vidole. Vidole vikakuta matundu mawili ya misumari.

Binti yake Kamouna akatoka jikoni mbio. Ukutani, rangi nyekundu ya juzi ilikuwa bado inasomeka chini ya chokaa: MAYAHUDI, ONDOKENI.

"Walipaka, sasa wanaiba!"

"Mwite mchumba wako. Si ndiye mkuu wa ulinzi wa mtaa?"

Kamouna akaandika: "Njoo nyumbani sasa hivi." Hakuongeza neno.

Shangazi Toita aliposikia kelele alikuja. Naye akainua mkono, akapapasa hewa, akapiga yowe. Kisha akafika Pinhas, anahema, mikono mfukoni, akapitiliza hadi sebuleni.

"Kuna nini, mpenzi? Umenitisha."

Kamouna akamtazama. Akautazama mlango.

"Toka nje, uingie tena."

"Nini?"

"Toka. Ingia."

Pinhas akatoka, akaingia. Safari hii mkono uliinuka, ukasita, ukaishia shavuni kama mtu anayefukuza nzi.

"Tangu utoto hujapita mlango huu bila kuinua mkono," Kamouna akasema. "Mama ameinua. Shangazi ameinua. Wewe peke yako ulijua hakuna kitu. Nani alikuambia?"

Mkono wa Pinhas ukaenda kwenye koti.

"Iko wapi, Pinhas?"

Akaitoa ndani ya koti, imezungushiwa kitambaa cha hariri.

"Nilifanya kwa ajili yako. Nyumba yenu ndiyo ya kwanza kuonekana kutoka barabarani. Nilitaka mpita njia aone nyumba tu."

"Nyumba tu! Na mimi niwe mtu tu? Na harusi?"

"Nilikuwa nakuja kukuambia... tufunge kimya kimya. Bila ngoma barabarani."

"Kimya kimya kama tumeiba bibi harusi?" Mama Ghzala akafoka.

"Wanataka tusionekane," Kamouna akasema. "Wao wakapaka rangi, wewe ukaja kuwamalizia kazi!"

Simu ya Pinhas ikaita. Ni Lamjed, Mwislamu muuza mikate wa ng'ambo ya barabara, rafiki yake wa utotoni. Kamouna akaipokonya, akaweka sauti ya juu.

"Pinhas, nimechoka kunyamaza! Yule kijana wa pikipiki nilimwona kwa macho yangu akipaka. Ukanisihi nisiseme mpaka harusi ipite. Sasa yuko mbele ya shule ya wasichana, anapiga picha lango. Unataka ningoje nini?"

Kamouna alikuwa mwalimu pale.

"Ulijua," akasema taratibu. "Nina watoto darasani, Pinhas. Ulijua."

"Niliogopa. Nikisema atajulikana, atalipiza, na wewe unalala humu."

"Hata mimi naogopa! Lakini umemficha yeye, ukanificha na mimi." Akavua pete, akaiweka juu ya meza. "Naenda polisi na Lamjed. Ukitaka kuwa mlinzi, njoo. Usipokuja, pete yako hiyo hapo."

Pinhas alifika kituoni kabla yao. Akaeleza yote, pamoja na aibu yake mwenyewe. Lamjed akataja jina la kijana. Jioni hiyo kijana alikuwa mikononi mwa polisi, na askari wawili walikuwa langoni pa shule. Pinhas akajiuzulu ukuu wa ulinzi. Wazee wakamwachia zamu ya shuleni tu, chini ya amri ya Shangazi Toita.

"Simama vizuri, bwana harusi!" Shangazi alikuwa akimpigia kelele kila asubuhi. "Hapa si mkahawani!"

Kamouna hakuirudisha pete kidoleni mpaka siku ya hina. Mchana huo, watu wa Hara Kubwa, mtaa wao wa Wayahudi, wamejaa mlangoni, Lamjed akiwa mbele, Pinhas alipanda kigoda na nyundo. Akasoma baraka kwa sauti, akapigilia mezuza.

"Imelala upande," Kamouna akasema.

"Kidogo tu. Wayahudi wa Ulaya huilaza hivyo."

"Hatuko Ulaya. Sisi huku husimama wima. Ng'oa, piga upya."

Akang'oa. Wapiga ngoma wakangoja.