Sauti ya Clémentine Ndani ya Redio

Chisense walikuwa wamegeuzwa. Clémentine alifika ufukweni jua halijapanda, akawakuta wale samaki wake wadogo aliowaanika mchangani wamelazwa tumbo juu, safu kwa safu, vichwa vyote vikitazama ziwa. Nchelenge nzima ni mtu mmoja tu aliyewageuza samaki namna hiyo, mumewe Florent, na Florent alipotea kwenye mvua za mwaka wa sabini na tatu akielekea kisiwa cha Chisenga. Mtumbwi wake ulikutwa unaelea mtupu. Sasa nyayo zilitoka majini zikaja mpaka kwa samaki. Nyayo za kurudi hazikuwapo.

Mtu mwenye akili timamu angekimbia. Yeye alifurahi, maskini.

Usimcheke. Mumeo akipotea bila maiti kuonekana, huna kaburi la kulilia wala ruhusa ya kuacha kungoja. Kila mlango ukilia unainuka. Ndiyo maana Clémentine alikubali maneno ya Misheck, mtangazaji wa redio aliyekuja kutoka mjini na suruali yake pana na mashine ya kurekodi begani, mwenye kipindi cha Jumapili cha watu waliopotea. Kijana yule alimsimamisha kwenye maji ya magoti akamwambia amwite mumewe kama anavyomwita nyumbani, wasikilizaji walie naye.

Na watu wa ziwa hili la Mweru hawaiti jina la mtu juu ya maji. Hata mtoto anayenyonya utadhani anajua hilo. Ukimtaka mwenzako wa mtumbwi mwingine, unagonga kafi yako ubavuni mwa mtumbwi naye anageuka. Jina likitupwa ziwani lina wenyewe wa kuliokota. Misheck hakujua, wa mjini yule. Clémentine alijua vizuri sana, na aliita.

"Florent, rudia nyumbani."

Jumapili sauti yake ikatoka katika redio zote za ufukwe, toka Nchelenge hadi Mununga, na ng'ambo kwa Wakongo pia. Siku ya pili yake ndipo samaki walipogeuzwa. Ya tatu, kiti cha Florent kilikuwa kimelowa, na nyumba ilinuka tope la chini ya matete, tope ambalo halijawahi kuona jua.

Clémentine alimfuata jirani yake Olipa, mwanamke mkali wa mdomo aliyekuwa akikausha samaki kwa moshi.

"Mama Olipa," alinong'ona, "bwana yangu amerudia. Kiti yake iko na maji."

"Umeona sura yake?"

"Bado."

"Basi haujaona bwana yako. Ile ni ngulu, pepo ya maji. Imeokota jina, sasa inatafuta nyumba ya kuingia." Olipa alitazama ziwani, akashusha sauti zaidi. "Uzike Florent. Useme mbele ya batu bote, huyu mutu amekufa. Njo itarudia kwake kwa maji."

"Nizike nini? Na kama eko muzima?"

Olipa alisonya, akageuza samaki wake. "Uko na mutoto, weye," alisema polepole.

Clémentine aliondoka amekasirika. Kumzika Florent ilikuwa sawa na kumuua kwa mkono wake mwenyewe, na hilo hakuwa tayari kulifanya kwa sababu ya kiti kilicholowa.

Mchana huohuo alikuwa jikoni anatwanga muhogo, binti yake Beauty akicheza nje karibu na mlango, ndipo aliposikia mtu anaita. Akaacha mchi hewani. Sauti ilitoka ziwani, tamu, haina haraka, ikisema Beauty, kuya kwa mama, Beauty, kuya, na sauti aliijua, ilikuwa yake mwenyewe, ileile aliyoitoa akiwa kwenye maji ya magoti, hata mkwaruzo wa redio ulikuwa ndani yake, na alipotoka nje mlango ulikuwa mtupu na vinyayo vidogo vilikuwa vimeshika njia ya majini, naye akakimbia akipiga kelele, akijua kwamba kelele zake na mwito ule ni kitu kimoja na mtoto hana namna ya kuchagua, mpaka alipomkuta Beauty maji yamemfika kifuani, akitabasamu, ameinua mkono kama anayengoja kushikwa.

Alimvuta kwa nywele.

"Si umeniita, mama?" Beauty alilia. "Ulikuwa pale kwa maji."

Florent alizikwa kesho yake. Walifunga shina la mgomba ndani ya koti lake la Jumapili, wakalishusha kaburini, kwaya ikaimba. Clémentine alisema mbele ya watu wote kwamba mumewe amekufa, kisha akalia kilio chote alichokuwa amekizuia, jua likachwa bado analia. Alimpenda yule mwanamume, na sasa hakuwa na wa kumngoja.

Kweli, nyumba ilitulia. Kiti kikakauka, harufu ikaisha, samaki wakabaki walivyoanikwa. Ila sauti ya Clémentine ilikauka pia. Siku ya kwanza ilibaki mnong'ono, baadaye hata huo ukaisha.

"Ni kilio tu," Olipa alimwambia, akampa maji ya moto yenye chumvi. "Itarudia."

Jumapili walikuwa wanatoka kanisani, Clémentine amemshika Beauty mkono, wakapita mbele ya duka lenye redio. Habari za maziko zilikuwa hazijafika mjini. Misheck alisema redioni kwa furaha kwamba wasikilizaji wengi wameomba, basi leo anarudia kisa cha mvuvi wa Nchelenge.

Redio ikakwaruza. Redio ya nyumba ya pili ikakwaruza, na ya tatu, mpaka chini ufukweni.

"Beauty," ikasema sauti ya Clémentine kutoka kila mlango. "Kuya kwa mama."

Clémentine alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Alibana vile vidole vidogo kwa nguvu zake zote, na Beauty akainua macho akamtazama kama mtu asiyemjua, akaanza kujinasua.

"Niache," alisema. "Mama ananiita."