Kijito Kilichonyamaza

Kila asubuhi Uwimpuhwe alifunga madaftari yake ndani ya mfuko wa plastiki, akatoka nyumbani kwao Nyamyumba kwenda shule mjini Gisenyi. Kwa njia ya mkato, iliyopita chini ya mteremko mkali, alitumia dakika arobaini. Lakini masika ya mwaka 1998 hayakuwa na huruma. Mvua ilinyesha wiki nzima, na kwa siku nane njia ile ilikuwa imefungwa kwa tawi la mkaratusi.

Aliyeliweka tawi ni jirani yao, mzee Onésphore, aliyewahi kuchimba barabara milimani huko Kongo. Kila alfajiri alipanda mteremkoni, akapima nyufa za ardhi kwa fimbo yake, kisha akawaambia watoto wazunguke kwa barabara ya ziwa. Huko ulikuwa mwendo wa saa moja na nusu. Uwimpuhwe alikuwa amechelewa mara tano, na mara tano alisimamishwa nyuma ya darasa, wenzake wakimcheka chinichini. Hasira yake yote aliielekeza kwa mzee.

Siku ya tisa jua lilichomoza. Ilikuwa siku ya mtihani wa majaribio. Kwenye tawi alimkuta Evode, mwenzake wa darasani, akibishana na mzee.

"Mzee, mvua imekwisha!" Uwimpuhwe akadakia. "Tuache tupite, leo tuna mtihani."

"Hapana, mutoto wangu. Mvua imeisha yulu, kule mawinguni, lakini maji ingali ndani ya udongo. Mupite njia ya ziwa."

"Kila siku hapana, hapana! Mlima wenyewe haujaanguka hata mara moja!"

"Bon. Siku mlima itaanguka, haitakuuliza kama uko na mtihani."

Wakajifanya wanakwenda ziwani. Mzee alipogeuka kuwaonya wanawake waliokuwa wakienda sokoni, wakaruka tawi na kutokomea.

Walikwenda mbio. Miti ya juu ilikuwa imeinama kuelekea bondeni, lakini Evode alicheka tu. "Unaona? Tutafika wa kwanza!"

Walipofika kwenye kijito, Uwimpuhwe alisimama. Siku zote kijito kile kilipiga kelele maweni. Sasa kilikuwa kimya. Palibaki matope tu.

"Mvua ya wiki nzima, maji yamekwenda wapi?"

"Achana na maji! Tutachelewa!"

Mabati ya shule yalionekana ng'ambo, karibu kabisa. Kurudi kulimaanisha kuukosa mtihani. Alitamani kuupiga mlima teke, lakini maneno ya mzee yalimrudia: maji ingali ndani ya udongo. Kisha kokoto moja ikabingirika kutoka juu, ikafuatwa na nyingine.

"Turudi!" akapiga kelele, akimshika Evode mkono.

"Tukimbilie chini!"

"Udongo nao unakwenda chini! Pembeni, tupande mgongo wa kilima!"

Walipanda kwa mikono na magoti. Nyuma yao mlima ulinguruma, ukashuka na miti, migomba na mawe mpaka bondeni. Walipogeuka, mahali walipokuwa wamesimama hapakuwa na njia tena.

Mzee Onésphore alifika akihema, akiwaita kwa majina. Alipowaona wote wawili, akaketi topeni. Uwimpuhwe akaangua kilio. Alilia kwa woga na aibu, na bado kwa hasira ya mtihani.

Mzee aliwapeleka shuleni mwenyewe, kwa barabara ya ziwa. Mwalimu Gasana alifungua kinywa kuwakaripia, akaona matope yaliyowafika kifuani, akawasogezea benchi.

"Mzee alitukataza, Mwalimu," Uwimpuhwe alisema. "Tukamdanganya, tukapita."

Mwalimu aliwapa karatasi za mtihani mchana. Aliagiza pia kwamba watoto wa Nyamyumba wasiadhibiwe tena kwa kuchelewa hadi masika yaishe. Lakini kwa kudanganya, wale wawili wangepanda na mzee kila Jumamosi kujifunza kuusoma mteremko.

"Kuwaadhibu kwa kuchelewa lilikuwa kosa langu," alisema. "Lakini ninyi mlimkasirikia mtu aliyekuwa akiwalinda. Jua la asubuhi moja halikaushi mvua ya wiki nzima. Wahenga walisema, kawia ufike." Akamtazama Uwimpuhwe. "Mtihani unarudiwa, mwanangu. Mtu harudiwi."