Isale Ndani ya Begi la Zita

Theodora alikuwa anakata majani ya ng'ombe shambani kwake Kibosho. Ni mjane. Binti yake, Zita, anasoma chuo mjini Moshi na hurudi nyumbani kila jioni. Anasomea sanaa za maonyesho. Theodora alimruhusu, lakini roho yake haikutulia.

"Hivi kuigiza nako kunasomewa?" Mama Godlove, jirani yake, alimwuliza mara nyingi. "Angalia, Mama Zita. Huko wanafundishwa uongo."

Asubuhi hiyo Theodora alimwona Zita kwenye mpaka wa shamba. Zita alikata jani la isale, akalifunga fundo, akalificha ndani ya begi.

Theodora alishtuka. Kwa Wachagga, isale lenye fundo hupelekwa kwa mtu uliyemkosea. Ni kuomba msamaha kwa kosa kubwa.

"Zita! Umemkosea nani?"

"Hakuna, Mama. Ni la kazi ya chuo."

"Isale la chuo? Una mimba?"

"Mama jamani!"

"Basi ni mume wa mtu."

Zita alicheka, akabeba begi lake. Akaondoka haraka.

"Leo ndio mwisho wa hicho chuo," Theodora alisema. Alivaa kitenge, akachukua rozari, akapanda gari lililofuata.

Chuoni hakupiga hodi. Alichungulia dirishani. Mzee mwenye ndevu nyeupe alikuwa amekaa. Kijana alipiga magoti mbele yake, ameshika isale, analia.

Theodora aliingia. "Mzee, binti yangu yuko wapi?"

Mzee akavua ndevu. Kumbe ni kijana wa miaka ishirini! Wanafunzi wakacheka.

"Shikamoo, mama," alisema mwalimu wao, Melkior. "Zita yule pale nyuma, kwenye mitambo ya taa."

"Kwani haigizi?"

"Kuigiza ni sehemu tu. Wengine wanajifunza taa, sauti, mavazi, na kupanga jukwaa. Mchezo huu ni wa ndugu waliogombania mpaka. Zita anasimamia taa na vifaa. Isale ni kifaa."

Theodora hakulainika upesi. "Chuo kimesajiliwa? Wasichana wanavalia wapi? Jioni mnawaachia saa ngapi?"

Melkior hakukasirika. Alimwonyesha cheti cha usajili. Alimwonyesha chumba cha wasichana, chenye komeo kwa ndani. Mazoezi huisha kabla ya giza.

"Na kazi je?"

"Wapo walio redioni. Wapo wanaoelimisha watu vijijini kwa michezo. Sikufichi, mama, kazi hizi hutafutwa kwa bidii. Na uulize tu. Wazazi wengi hawaji. Wanasikiliza maneno ya njiani."

Theodora alimgeukia Zita. "Mbona hukuniambia ni la mchezo?"

"Niliogopa utasema nachezea mila."

"Ningesema, ndiyo. Lakini ungeniambia! Umenifanya nikuwazie mabaya."

"Nisamehe, Mama."

"Nami nilipaswa kuja siku ya kwanza."

Zita aliendelea na masomo. Baada ya Pasaka, wanafunzi walileta mchezo kwenye ukumbi wa parokia, Kibosho. Watu walijaa. Theodora alikaa na Mama Godlove.

"Mwanangu Kindness naye anataka chuo hicho," Mama Godlove alinong'ona. "Nimkatalie?"

"Usimkatalie, usimkubalie. Nenda kwanza ukaone, ukaulize."

Ukumbi ukawa giza. Kisha mwanga ukaja polepole, kama alfajiri, ukawafikia ndugu wawili jukwaani.

"Mbona Zita simwoni?"

"Humwoni," alisema Theodora. "Lakini akizima yeye, hao nao huwaoni. Nyamaza sasa, tutazame."