Siku Wapangaji wa Maman Clémence Walipogeuka Jamaa

Kila asubuhi Maman Clémence alifagia parsele yake, kiwanja cha nyumba yake kule Cimpunda, Bukavu, mbele ya watu kuamka. Alifagia polepole sana. Si kwa sababu ya uzee. Alikuwa anasikiliza. Kuta za mbao ni nyembamba, na mujane ambaye radio yake imekufa anahitaji habari.

Wapangaji wake walikuwa watatu, kila mumoja na chumba chake nyuma ya nyumba kubwa. Gisèle alitoka kisiwa cha Idjwi, naye aliuza sambaza, wale samaki wadogo, kwenye soko la Kadutu. Papa Modeste, fundi wa kushona, alitoka Kalehe. Delphin alitoka Luhwindja. Yeye alitengeneza simu za watu, na alikuwa na mudomo wa avoka ambaye hajapata kesi.

Nyuma ya vyumba vile kuna mulima. Kati ya mulima na vyumba kulikuwa na ukuta wa mawe, na ukuta huo ndio ulizuia udongo usishuke. Marehemu bwana wa Maman Clémence aliujenga. Sasa ulikuwa umepasuka katikati, na tumbo lake limevimba mbele kama la mutu aliyetoka kula arusi mbili. Fundi wa mawe aliutazama, akatikisa kichwa. Alisema mvua ya Septemba ikiukuta hivi, vyumba vyote vitashuka mpaka kwa majirani wa chini, pamoja na watu ndani.

Basi Maman Clémence aliamua. Feza ya nyumba, ile ambayo wapangaji wanalipa, ya kiangazi chote itaenda kwa mawe na simenti. Hakuwa na feza ingine.

Lakini mutu anayepangisha nyumba anadaiwa pia kodi ya serikali juu ya ile feza anayopata. Maman Clémence alijua hivyo. Mwaka mumoja alijaribu hata kuilipa kwa moyo mweupe. Alivaa kikwembe cha misa, akaenda ofisini. Guichet ya kwanza, yaani dirisha la kuhudumia watu, ilimutuma ya pili. Ya pili ilimuuliza namba yake ya kodi, ambayo inatolewa kwa guichet ya tatu. Kwa guichet ya tatu, mwenyewe alikuwa amekwenda kula.

Mwishowe walimupa fomu. Ilikuwa ya Kifaransa, tena si Kifaransa cha misa wala cha radio. Maman Clémence alimaliza shule ya primaire. Alijua "nom", alijua "maison". Maneno mengine yalimutazama tu, naye akayatazama.

Alipofika pahali pa kuandika feza aliyopata, aliandika yote: feza ya nyumba, na garantie pia. Garantie ni ile feza ya miezi mingi ambayo mupangaji anaweka siku ya kuingia, na anarudishiwa siku ya kutoka. Hesabu ya kodi ikatoka kubwa kama ng'ombe. Hapo kijana mumoja aliyesimama mulangoni akamunong'oneza kwamba anaweza kumupangia mambo, bila karatasi, wakutane tu nyuma ya ukuta wa ofisi. Maman Clémence alirudi nyumbani na fomu katika kikapu. Ikatumika kufungia karanga.

Toka siku ile akapata dawa yake mwenyewe. Watu wa kodi wakipita kwenye avenue, yeye hana wapangaji. Yuko na jamaa.

Mwezi wa Juni wakapita. Walikuwa wawili, pamoja na Papa Philémon, chef d'avenue, mukubwa wa barabara ile. Maman Clémence alikuwa amekwisha kuwafundisha wapangaji wake namna ya kumuita maman mukubwa.

— Hawa wote ni watoto wa dada yangu, alisema.

Agent wa kodi mwenye kofia alimutazama Gisèle. Akamutazama Papa Modeste, ambaye alikuwa na mvi nyingi kuliko Maman Clémence mwenyewe. Akamutazama Delphin.

— Dada yako, Maman, alizaa Idjwi, akazaa Kalehe, akazaa tena Luhwindja?

— Alipenda kutembea.

Papa Philémon alikohoa ndani ya mukono wake. Agent aliandika kitu, wakaenda zao. Siku ile parsele nzima ilicheka, na Maman Clémence alipika maharagi ya kuwagawia "watoto" wake wote.

Mwezi ulipoisha, akaenda kubisha kwa Delphin. Delphin alimufungulia kwa heshima kubwa, akamuvutia kiti.

— Karibu, maman mukubwa. Ikala.

— Siikale. Nimekuja kwa feza ya nyumba.

— Nyumba gani tena? Mutoto wa dada yako anakulipa? Ulisema mbele ya chef d'avenue. Mi nilishika maneno yako. Hata nilipigia mama simu kule Luhwindja, alifurahi kusikia kama iko na dada Bukavu.

Maman Clémence alidhani ni muchezo. Halikuwa jambo la kucheza. Papa Modeste alisikia kupitia mbao, na kesho yake yeye pia akakumbuka kwamba ni jamaa. Gisèle peke yake alilipa, lakini nusu. Alisema, macho chini, kwamba si vizuri kuwa mugeni peke yako katika jamaa.

Maman Clémence alishuka kwa Papa Philémon, amushitaki Delphin. Chef alimusikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama wako na kontra, yaani mapatano ya kupangisha yaliyoandikwa na kusainiwa. Hapana. Kila kitu kilikuwa cha mudomo, toka siku ya kwanza.

— Basi nitakata kesi gani, Maman? Kama ni mupangaji, ningemuita. Lakini ni wewe uliniambia iko mutoto. Mambo ya jamaa inamalizikia mu jamaa.

Julai ikapita hivyo. Fundi wa mawe alikuja kuuliza lini anaanza. Tumbo la ukuta lilikuwa limeongezeka. Gisèle alianza kulala na mulango wazi, ili apate kukimbia. Maman Clémence alimuona, na kicheko chake chote kikakauka. Mutoto wa watu, aliyetoka kisiwani kutafuta maisha, atakufa chini ya udongo wake yeye.

Kulikuwa na mutu mumoja ambaye hakutaka kumuendea. Alikuwa Mireille, jirani wa juu, ambaye anafanya kazi kwenye ofisi ya kodi. Miaka yote Maman Clémence alimukwepa. Hata kanisani, Mireille akikaa upande wa kwaya, yeye anakaa karibu na mulango. Lakini siku ile alipanda. Alimukuta akichambua mboga ya lengalenga kwenye ungo. Akamuambia yote, na hakuficha hata dada wa kutembea.

Mireille alicheka mpaka majani yakaanguka. Kisha akafuta macho.

— Maman, nikuulize kwanza. Kanisani, ulikuwa unanikimbia mimi ao padri?

— Wewe. Padri haulizake mambo ya nyumba.

Mireille alimuomba amuambie vizuri alivyojaza ile fomu ya zamani. Aliposikia neno garantie, alimukatisha.

— Hapo ndipo ulipotea. Garantie si yako. Ni ya mupangaji, inalala kwako tu. Kodi inahesabiwa juu ya feza ya nyumba unayopokea, basi.

— Kumbe ile ng'ombe ilikuwa mbuzi.

— Ilikuwa mbuzi. Lakini ni mbuzi ya kulipa.

Walichambua lengalenga pamoja, na Mireille akaeleza. Hakuna haja ya kungoja mwaka mzima uishe ndipo kodi imuangukie mutu kichwani mara moja. Kuna njia ingine. Mupangaji anapolipa nyumba, anakata palepale ile sehemu ya kodi, anaiweka benki, kwa akonti ya serikali, kwa jina la mwenye nyumba. Benki inamupa karatasi, naye anaileta. Mwaka ukiisha, mwenye nyumba anajaza fomu yake, anaonyesha zile karatasi za benki, na anamalizia kile kidogo kilichobaki. Sehemu ya kukata inaweza kubadilika, kwa hiyo ni vizuri kuuliza guichet kila mwaka, na kuuliza kama njia hiyo inafaa kwa wapangaji ulio nao.

Maman Clémence aliweka ungo chini. Hilo la kukata halikumupendeza.

— Delphin akate feza yangu mbele niione? Yeye ambaye anaazima chumvi na harudishi hata kopo?

— Ndiyo maana kuna karatasi ya benki, Maman. Hana karatasi, hajalipa. Na yule kijana wa mulangoni, usimukubali tena. Kodi inaingia benki, haiingie mu mufuko ya mutu.

Lakini yote hayo, Mireille alisema, yanaanzia kwa kontra. Bila kontra hakuna mupangaji, kuna jamaa tu. Maman Clémence aliuchukua tena ungo. Akasema kwamba akifanya kontra, kila mutu atajua alidanganya.

— Ulidanganya, Maman. Utaenda kusema. Kuna amende, faini ya kuchelewa, na unaweza kuomba kuilipa vipande vipande. Ukuta ukianguka, hautakupa vipande.

Siku ya Mungu, misa ilipoisha, Maman Clémence aliwaita wapangaji wake wote barazani. Papa Philémon alikuja, na Mireille pia. Maman Clémence alisimama, akakaza kikwembe.

— Papa chef, nimekuja kukana watoto. Hawa si wa dada yangu. Dada niko naye mumoja tu, iko sista mu konva ya Kalehe. Angesikia maneno niliyosema juu yake, angeshuka leo.

Papa Philémon alishindwa kukohoa safari hii. Alicheka wazi, na Papa Modeste akacheka, na Gisèle akajifunika uso. Delphin peke yake hakucheka. Aliuliza kontra itasema nini. Mireille akasoma kwa Kiswahili: chumba kipi, bei gani, kodi itakatwa namna gani, na garantie aliyoweka kila mumoja.

— Garantie yangu itaandikwa? Delphin aliuliza.

— Itaandikwa, na maman atasaini.

Delphin alitazama viatu vyake.

— Maman, mi sikuwa na ubaya. Ulipokea garantie yangu bila karatasi. Siku ile uliposema niko mutoto wako, nilijiambia: sasa imekwisha, kesho atanifukuza bila kunirudishia, aseme hakuniona. Njo maana nilishika feza yako, ili tukamatane.

 Maman Clémence aliona kwamba wote wawili walikuwa wanaogopa kitu kimoja, kila mutu upande wake wa mbao. Akachukua kalamu, akasaini wa kwanza, kwa herufi kubwa za primaire. Wiki ile Delphin alilipa miezi yote aliyoshika, pamoja na karatasi ya benki. Papa Modeste akafuata, na Gisèle akamalizia nusu yake. Maman Clémence naye akaenda kusema ukweli ofisini; amende ilikuwepo, na iliuma, lakini ilikubaliwa vipande.

Habari ilizunguka. Ikaonekana kwamba avenue nzima ilikuwa na watoto wa dada. Mama mumoja alikuwa na wanane, na dada hakuwa naye hata mumoja. Mireille akaomba darasa moja la shule ya parokia. Siku ya posho, yaani Jumamosi, alichora fomu kwenye ubao mweusi, akaieleza kwa Kiswahili, musitari kwa musitari. Watu waliuliza bila haya. Kwa nini fomu isiwe ya ukurasa mumoja? Kwa nini isiandikwe Kiswahili pia? Kwa nini mutu asilipe kwa simu, wakati bibi yake wa mulimani anapokea feza kwa simu kila wiki? Mireille aliyaandika yote, akayapeleka kwa mukubwa wake. Hajapata jibu la yote. Lakini mukubwa alikubali kwamba mbele ya tarehe ya mwisho, agent mumoja atakuja na muhuri wake palepale shuleni, watu wajaze pamoja, bila safari ya guichet tatu.

Mwezi wa Agosti mawe yalipanda Cimpunda juu ya migongo ya watu. Fundi alibomoa tumbo la zamani, akajenga ukuta mupya, munene chini, na matundu ya kupitisha maji.

Mvua ya kwanza ilikuja muchana, kwa hasira. Maji mekundu yalishuka mulimani. Wapangaji walitoka wote wakasimama barazani na Maman Clémence, wakatazama ukuta. Maji yalitoka kwenye matundu, yakapita kando ya vyumba. Ukuta haukutikisika. Gisèle alirudi ndani, akafunga mulango wake, akalala usingizi wa mvua.

Lakini Maman Clémence alikuwa ameona kitu kingine. Maji mengi hayakutoka mulimani. Yalitoka kwenye avenue, juu, kwa sababu hakuna kaniveau, ule mufereji wa barabara, ya kuyachukua.

Wiki iliyofuata mukubwa wa commune, yaani serikali ya mitaa, alikuja kufanya mukutano. Zamani, mukutano kama huo Maman Clémence alikuwa anajifungia ndani. Safari hii alikaa musitari wa mbele, na karatasi zake za benki mukononi. Walipouliza kama kuna mutu mwenye neno, alisimama.

— Mi nimelipa, alisema. Delphin amelipa, Papa Modeste amelipa, Gisèle amelipa. Sasa nauliza: kaniveau ya avenue yetu itaanza lini?

  Mukubwa akachukua kalamu ili aandike lile swali. Maman Clémence hakuikala. Alingoja, amesimama, mpaka mukubwa alipomaliza kuandika, kisha akamuomba asome kwa sauti.