Inchi Mbili za Wakhisi

Foleni ya simu pale posta ya Kisumu ilikuwa imefika kwa wauza njugu, na Wakhisi alikuwa ameshikilia simu kama ni ya baba yake.

"Niletee chuma ingine, bwana! Zote nimeharibu. Ndiyo, nakata, najaribu, ikikataa nakata tena!"

"We fundi," sauti ikamchoma mgongoni, "unakata chuma kama mtu anaonja mboga?"

Akageuka. Gauni ya manjano, fupi juu ya goti, nywele zimepandishwa juu, mafuta mazuri yananukia. Yeye ovaroli yake ilinuka grisi.

"Na wewe unakata na nini, madam? Na mdomo?"

"Na sine, ile ya hesabu."

Foleni nzima ikacheka. Hivyo ndivyo alivyomjua Seline Apiyo, mwalimu wa hesabu wa shule ya wasichana huko Milimani. Wakhisi shule aliiacha mapema. Kwenye gereji yake Nyalenda alikuwa anaunda mashine ya kupura mpunga: unakanyaga pedeli, mkono wa chuma unasukuma, pipa lenye meno linazunguka. Lakini lake lilifika nusu likakwama.

Jumamosi Seline akaja, akapiga magoti sakafuni na gauni safi, akachora na chaki.

"Pedeli ikishuka inafungua pembe. Chukua nusu ya hiyo pembe, tafuta sine yake, zidisha na urefu wa pedeli. Hapo umejua fimbo ya kuzungusha pipa iwe ndefu namna gani."

"Na huu mkono wa kuunganisha?"

"Pembetatu ingine. Inchi thelathini, katikati ya tundu mpaka katikati ya tundu. Umesikia?"

"Nimesikia, mpenzi."

Wakhisi alikuwa anaangalia shingo ya Seline.

"Na moyo wangu ni inchi ngapi?"

"Huo bado naupima, jaherana, mpenzi wangu. Toa mkono wako wa grisi hapo!"

Walipendana hivyo, chaki na grisi. Shida ilikuwa baba yake Seline, Mzee Oketch wa Ahero, mkulima wa mpunga. Hakutaka jamwa, mtu asiye Mjaluo, amuolee binti. Mwisho akasema: leta hiyo mashine. Ikipura, tutaongea.

Siku Wakhisi aliileta Ahero, majirani walijaa kuona, wengine wazazi wa wanafunzi wa Seline. Mzee akavua kiatu, akakanyaga. Pedeli ikaruka juu ikagonga fremu, mkono ukapinda, bolti ikakatika.

"Hii ni ya kupura ama ya kupigia picha?" Mzee akauliza, na wamama wakacheka mpaka wakashika tumbo.

Aibu ikampanda Wakhisi kichwani.

"Mzee, mimi nimekata vile niliambiwa! Hesabu ni ya msichana wako. Mwalimu gani huyu!"

Kicheko kikahamia kwa Seline. Akaangalia ule mkono uliopinda, akamwangalia Wakhisi, akaingia nyumbani. Wiki hiyo mpaka wanafunzi wakawa wanamwita Mwalimu Inchi.

Wakhisi akapiga simu shuleni.

"Mwalimu Apiyo hayuko," ilisema sauti ya Mwalimu Apiyo, ikakata.

Alipokuja kunyoosha ule mkono ndipo akaona. Alikuwa amekata chuma inchi thelathini mwisho mpaka mwisho, halafu akatoboa tundu inchi moja ndani kila upande. Inchi mbili alikula mwenyewe.

Akakata mwingine, akarudi Ahero. Pipa likazunguka, mpunga ukanyesha kama mvua. Mzee akamshika bega.

"Kwa hivyo umesahihisha hesabu ya mwalimu! Leta watu wako, kijana. Mtoto ni wako."

Wakhisi akatabasamu tu. Seline alikuwa amesimama hapo.

Mzee alipoingia ndani, Wakhisi akamsogelea. "Seline, nilikosea mimi. Nilipima mwisho kwa mwisho."

"Niliona siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Nikuaibishe mbele ya baba? Nilikuwa nakupenda, Wakhisi. Chuma ungeharibu hata mia, ningechora tena. Lakini aibu ilipokuja ulinisukuma mbele yako. Na leo baba amekusifu kwa kunisahihisha, ukatabasamu tu."

"Nitamwambia. Saa hii nitamwambia!"

"Mwambie, usimwambie. Mimi nimemaliza."

"Lakini baba yako amekubali!"

"Amekubali mashine. Oa hiyo."

Akaenda zake kati ya mashamba, hakugeuka.

"Mkwe!" Mzee akaita kutoka ndani, furaha tele. "Mkwe wangu, kuja unywe chai!"